Kidole Gumba cha Yumna

Inshirahi akipewa mkono wa mteja huugeuza kwanza. Kiganja juu, kucha chini. Sisi wengine pale saluni kwa Madamu Dawlati, mtaa wa Shubra, Kairo, tunaupokea mkono kama ulivyokuja, tunaangalia kucha, tunauliza rangi. Yeye hapana. Ataugeuza, atauinamia, atachungulia chini ya kila ukucha kama mtu aliyeangusha sindano, ndipo amwulize mwenyewe hali. Miaka sita nimekaa meza ya pili kutoka kwake nikiitazama tabia hiyo, na miaka sita imenichoma roho. Nalisema mapema asije mtu akadhani nasimulia habari za Inshirahi kwa sababu nampenda.

Mimi ni Tahani, Mama Yumna. Kabla yake nilikuwa nimeshakaa pale miaka kumi na minne. Nikikuchorea ua juu ya ukucha utataka kulimwagilia maji. Binti yangu Yumna amekulia chini ya meza yangu, akipanga chupa za rangi kwa urefu, na tangu ana miaka mitano nilikuwa nikimwambia: siku ya nikaha yako, mikono hii ni yangu. Sikuwa na ndoto kubwa kuliko hiyo. Wengine wana nyumba, wana Hija mbili. Mimi nilikuwa naisubiri siku ile niishike mikono ya mwanangu watu wote wakitazama.

Inshirahi ni mzaliwa wa Mahalla, kwenye viwanda vya nguo. Baba yake, fundi Bayumi, alikuwa akishona kanzu, na mtu akimletea nguo ya dukani ili ajisifie nayo, mzee huigeuza ndani nje kabla hajasema neno. "Kupiga pasi nje kila mtu anajua," ndivyo alivyokuwa akisema. Inshirahi alikua akikata nyuzi za upande wa ndani mpaka akaolewa. Ndoa ilidumu miaka tisa. Mtoto hakupatikana, mume akaoa mwingine, akamwambia Inshirahi achague kukaa au kuondoka. Akaondoka, akaja Kairo kwa dada yake na sanduku moja. Haya nimeyapata vipande vipande, maana si mtu wa kusimulia. Ukimwuliza habari zake atakuuliza kama shingo haikuumi kwa kuinama.

Madamu Dawlati alimchukua afagie na kufua taulo. Baadaye akampa kazi ya kutoa kucha za zamani, kazi ambayo sisi mafundi tuliiona haina heshima. Na ni nyingi. Wateja wetu wengi wanasali. Huja kubandikwa siku zile ambazo hawasali, na siku zikiisha wanataka zitoke, maana maji ya udhu hayapenyi gundi. Basi kutwa Inshirahi alikuwa pembeni na bakuli lake, analowesha, anabandua, anaona yale ambayo sisi tuliyafunika.

Siku moja akaletewa Madamu Sohairi, mke wa daktari wa meno, ambaye udhu haukuwa ukimpa haraka yoyote. Zilikuwa kucha zangu, za wiki tano. Inshirahi akaugeuza mkono, akauinamia.

"Abla Tahani," akaita, yaani dada, sauti ya kawaida kabisa, na saluni nzima ikanyamaza. "Hapa chini pana kijani."

"Kijani gani?"

"Cha mkate uliosahauliwa. Paliachwa upenyo, maji yameingia."

Madamu Sohairi akakitazama kidole chake kama si chake. "Tahani! Umenioteshea mlenda kidoleni?"

Walicheka mpaka mashine ya kukaushia nywele ikazimwa ili walio chini yake wasimuliwe. Inshirahi hakucheka. Alisafisha, akamwambia mama yule auache ukucha mwezi mzima bila kitu, akamfundisha namna ya kuukausha. Nami nilisimama pale na brashi mkononi, uso unawaka. Angeweza kuninong'oneza. Mpaka leo nasema angeweza kuninong'oneza.

Mwezi uliofuata Madamu Dawlati akampa meza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, na mwenyeji nikaugua.

Sasa nieleze anachofanya, nami nitajitahidi kuwa mwadilifu. Unapomrefushia mtu kucha kwa unga na maji yake, kitu kile kikiwa kibichi hutiririka kidogo kwenda chini. Kikikauka kinabaki vinundu na kingo kali, na vumbi la msasa linajificha humo. Juu unang'aa, chini ni kama ukuta usiopigwa lipu. Fundi mwenye haraka, na fundi gani hana haraka Alhamisi, hupitisha brashi mara moja, basi. Inshirahi huchukua kichwa chembamba cha mashine, akasawazisha chini ya kila ukucha polepole mpaka ukipitisha kidole hakikwami. Kisha kijiti cha mchungwa, amekizungushia pamba yenye unyevu, anafuta kutoka katikati kwenda nje. Hasukumi ndani hata siku moja. Mwisho anapaka chini kule safu nyembamba ya kung'arisha, isiyo na rangi, ambayo hakuna atakayeiona, ili uchafu usipate pa kushika.

Kazi ya saa moja yeye anaifanya saa moja na nusu. Nikasema wateja watamkimbia. Wakamkimbilia.

"Mimi niko wazi, mpenzi, njoo," nitamwambia mteja aliyekuwa wangu miaka minane.

"Kaa tu upumzike, Mama Yumna. Namngoja Inshirahi."

Nikalalamika kwa Madamu Dawlati kwamba mgeni anavuta wateja wa watu. Madamu alikuwa anakula mbegu za maboga, akatema ganda, akasema, "Tahani, kizuri chajiuza." Nusu ya pili hakuisema. Kama angeisema labda isingeniuma hivyo.

Nilikuwa na wivu, tena wivu mchafu. Mashine yake ilipokwama nilifurahi mpaka nikamnunulia kila mtu chai. Mteja wake akikohoa nilitamani awe na homa asirudi. Jioni moja nyumbani nilifunga mlango, nikaigeuza mikono yangu mwenyewe chini ya taa ya jikoni. Nilichokiona chini ya kucha zangu sikumwambia mtu. Nikazima taa nikaenda kulala.

Ndipo Yumna akaposwa na Hazimu, kijana mwenye adabu, mwenye mama. Yule mama, Hajati Firyali, ana macho ambayo yakiingia sebuleni kwako yanaanza na pembe za dari. Siku ya nikaha ikapangwa, Ijumaa baada ya alasiri, katika ukumbi wa msikiti. Wiki moja kabla tulikuwa mezani, mimi, Yumna na baba yake Abduhu, tunakula kabichi lililojazwa wali. Yumna alikuwa ameshika kipande kimoja hakiendi mdomoni.

"Mama, usikasirike."

"Ukishaniambia hivyo nimeshakasirika. Sema."

"Nataka mama mdogo Inshirahi anifanyie kucha."

Abduhu aliacha kutafuna.

"Mama mdogo?" nikasema. "Mama yangu alimzaa lini huyo, mbona sikualikwa?"

"Mama, tafadhali. Si kwamba wewe hujui. Ila ile picha ya gumba. Picha yenyewe ni ya upande wa chini."

Alisema kweli, na ukweli ndio ulionipandisha wazimu. Kwetu bibi harusi hutia kidole gumba kwenye wino akakigandamiza kwenye hati ya ndoa, kisha anakisimamisha mbele ya kamera, kina buluu, anacheka. Hakuna msichana asiyekuwa na picha hiyo. Na kidole gumba ukikionyesha upande wa wino, kinachoonekana juu yake ni sehemu ya chini ya ukucha.

"Miaka ishirini na minne naingoja mikono hiyo," nikasema. "Wallahi, Yumna, mwanamke yule akizifanya kucha zako, mimi ukumbini sikanyagi. Olewa bila mama."

"Mwanamke, omba msamaha kwa Mungu," Abduhu akasema.

"Niombe kwa lipi? Kula chakula chako."

Yumna alilia kidogo, kimyakimya, kama alivyokuwa akilia utotoni akijua hatashinda. Kisha akainuka akanibusu kichwani. "Basi wewe, mama. Ni wewe."

Nilishinda. Wala sikuona haya.

Alhamisi asubuhi nikamkalisha mezani kwangu, makusudi, Inshirahi yuko pale pale. Sijawahi kufanya kazi kama ile. Kila ukucha ulikuwa mrefu, mwembamba, rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la waridi, na kwenye kidole cha pete nikapanga vijiwe vidogo saba. Wateja wakaacha viti vyao wakaja kutazama. Nikafika kidole gumba cha kulia.

Nisingoje mtu aniulize kama nilijua. Nilijua. Fundi gani wa Misri hajui kwamba gumba la bibi harusi lina kazi yake kesho? Lakini siku hizi pale saluni kuufupisha ukucha wa gumba la bibi harusi kumekuwa "mtindo wa Inshirahi". Wateja wanakuja wanauomba kwa jina lake. Nikakitazama kidole cha mwanangu mwenyewe, na msasa mkononi, nikajiambia: nikifupisha, nimemwiga, na atanitazama nikimwiga. Nikauacha mrefu kama kucha nyingine. Chini nikapitisha brashi mara moja.

Inshirahi akaja kutoa hongera. Akampa Yumna sanduku dogo la lozi za sukari, akaupokea mkono wake, na bila kufikiri akaugeuza. Akalitazama lile gumba kwa muda.

"Mama Yumna," akasema chini chini. Safari hii alininong'oneza, lazima niseme. "Hiki hakitalala kwenye karatasi. Na huku chini wino utashika. Dakika kumi tu. Fanya mwenyewe, mimi nikushikie taa."

"Taa kashike kwako," nikasema.

Akauweka mkono wa Yumna juu ya taulo, polepole kama mtu anayelaza mtoto, akarudi mezani kwake. Yumna hakuniangalia. Mimi nikapiga picha kumi na saba, za juu tupu.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Abduhu na Hazimu walishikana mikono, shehe akaifunika kwa leso nyeupe, maneno yakasemwa, wanawake wakapiga vigelegele mpaka vioo vikatetema. Nilikuwa nimesimama karibu kabisa na meza, mahali ambapo kila mtu angeweza kuniona mimi na mikono ya mwanangu kwa pamoja. Shehe akasogeza kidau cha wino.

"Bibi harusi, kidole."

Yumna akachovya, akagandamiza. Ukucha ukatangulia kugusa karatasi na nyama ikabaki juu. Akainamisha kiganja, akajaribu kwa ubavu. Ilitoka alama ya mwezi mwandamo.

Shehe akavua miwani. "Binti yangu, serikali inataka kidole, haitaki ukucha."

Watu wakacheka, kicheko cha wema, cha harusi. Akajaribu tena. Ncha ya ukucha ikateleza, ikachana ukingo wa karatasi, na alama ikavutika.

"Hapa amepita paka," shehe akasema, na sasa waliocheka walikuwa wachache. "Kuna nakala nyingine bado. Ukateni huo ukucha, jamani, mimi nina ndoa nyingine Imbaba baada ya magharibi."

Nikanyakua karatasi ya kufutia, nikamshika kidole, nikasugua. Kadiri nilivyosugua wino ulizidi kuingia chini, kwenye vile vinundu nilivyoviacha, ukajaza kila kishimo. Tone moja likaangukia gauni. Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera, akaishusha kwa huruma. Ile huruma yake iliniumiza zaidi.

"Kwani si mama yake ndiye fundi wa kucha?" Hajati Firyali akamwuliza jirani yake, kwa sauti ya kutosha watu wote. "Uzuri wa mkakasi..." Akaishia hapo, akajipepea.

"Mama, acha," Yumna akasema. "Unaniumiza."

Macho yalikuwa yamemjaa. Alitazama juu ya bega langu, kule mlangoni, na nikajua bila kugeuka nani amekaa kule. Inshirahi alikuwa safu ya mwisho, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba. Hakuinuka. Yumna hakumwita. Alimtazama tu, kisha akayashusha macho, akafunga mdomo. Ndipo nikaelewa anachofanya: ukumbi mzima unamcheka, shehe anatazama saa, mama mkwe anajipepea, na mtoto wangu anakitunza kiapo changu.

Wivu wa miaka sita ulikuwa hapa kooni. Niliumeza, wala haukushuka wote.

"Inshirahi!" nikapaza sauti. "Unangoja kadi ya pili? Njoo huku!"

Akaja haraka, lakini alipofika mezani akasimama. "Na kiapo chako?" Kumbe Yumna alikuwa amemwambia.

"Nitakitolea kafara, nilishe maskini kumi. Njoo, mwanamke, shehe ataota mizizi hapa."

Akafungua mkoba. Kila kitu kilikuwemo: kikata kucha, msasa, kijiti, pamba, kichupa cha spiriti. Alikuwa amekuja navyo tangu nyumbani. Mbaya huyu, nikawaza, alijua. Nikajisogeza kumpisha. Hakuchukua nafasi. Alinitia kikata kucha mkononi, akaushika mkono wa Yumna kwenye kifundo, akaugeuza, kiganja juu, kuelekea dirishani.

"Mimi nashika," akasema. "Kata wewe. Ni wako."

Nikakata. "Zaidi," akasema. Nikakata zaidi. "Msasa sasa, vuta kuja kwako. Haya, pamba. Usisukume ndani, pale nyama iliposhikana na ukucha ni mlango. Toa nje, hivyo, hivyo." Mbele ya ndugu, jamaa na wakwe, nilikuwa nafundishwa kazi yangu kama mwanafunzi wa siku ya kwanza, na wino ulikuwa unatoka, mstari kwa mstari, mpaka chini ya ukucha pakaanza kuonekana peupe.

Nilikuwa nimeinama, kichwa changu kimegusana na chake, aliposema neno lile, kwa sauti ambayo hata Yumna sidhani aliisikia.

"Tahani, nimekuonea wivu wewe. Tangu siku ya kwanza. Una mkono huu nyumbani kwako, ukiamka upo."

Nilidhani wivu ule ni mali yangu peke yangu.

"Hapo bado pana wino," akasema. "Upande wa kushoto."

Kidole kikalala. Alama ikatoka nzima, mistari yote. Shehe akasema mashallah, hiki sasa ni kidole cha mtu, na vigelegele vikaanza upya. Mpiga picha akaruka mbele. Watu wakaanza kumshukuru Inshirahi, nikamsikia anawajibu, "Ni kazi ya mama yake." Hata huo wema nikamwonea wivu. Mimi nisingeusema.

Maskini kumi nimewalisha, wali na nyama, na Inshirahi alikuja kupakua. Jumapili tukarudi kazini, meza zetu pale pale, na mteja wangu wa kwanza akaniambia anamngoja yeye. Nikamwambia, kaa, mpenzi, ungoje. Kisha nikaugeuza mkono wa aliyefuata.

Picha aliyoichagua Yumna ameikuza, ameitundika sebuleni kwake. Yeye mwenyewe haonekani sana. Ni kidole gumba chenye wino, chini ya ukucha pasafi, na mikono miwili ya wanawake: mmoja umemshika kifundo, mmoja una kijiti. Mkono ulio mbele, unaopendeza kwenye mwanga, ni ule wa kifundo. Wageni huuliza, huu mkono mzuri ni wa nani, wa mama?

"Wa Inshirahi," nasema. Na kabla hawajapumua nawaonyesha kwa kidole, "Ila kijiti nimeshika mimi."